Galactica ya Nani? Mashabiki na Tamthilia Iliyozaliwa Mara Mbili

Ni nadra kumsikia mwigizaji mkuu akiwasihi watu wasitazame kazi yake. Mwaka 2003 Edward James Olmos alifanya hivyo. Alikuwa amepewa nafasi ya Kamanda Adama katika Battlestar Galactica mpya, tamthilia fupi ya sehemu mbili ambayo kituo cha Sci Fi cha Marekani kiliipangia usiku wa tarehe 8 na 9 Desemba. Alipozungumza na waandishi wa habari alisema wazi kwamba mtu anayeipenda Galactica ya 1978 kwa moyo wote na hataki iguswe, heri asiitazame hii mpya, kwa sababu itamuumiza.

Olmos alijua anachokisema. Kabla tamthilia hiyo haijarushwa hata dakika moja, tayari ilikuwa na maadui waliojipanga. Walikuwa wameshaibandika jina la dharau, Galactica kwa jina tu. Oktoba mwaka huohuo mashabiki walifanya kongamano la kuadhimisha miaka 25 ya tamthilia ya kwanza, na mwandishi wa ile mpya, Ronald D. Moore, alikwenda mwenyewe kuwaonyesha vipande vya kazi yake. Alizomewa. Akabaki palepale mbele yao akajibu maswali.

Miaka miwili baadaye jarida la Time liliiweka tamthilia hiyohiyo, sasa ikiwa mfululizo wa kila wiki, juu ya orodha yake ya vipindi bora vya televisheni vya 2005, na tuzo ya Peabody ikafuata. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kwa mkato: wahafidhina wachache walichukia kuona rubani shujaa amegeuzwa kuwa mwanamke, tamthilia ikawaumbua, wakanyamaza. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaacha nje jambo kubwa zaidi. Watu wale walikuwa wamesubiri robo karne kumaliziwa hadithi iliyokatwa katikati, na walichopewa ni hadithi hiyo kuanzishwa tena kana kwamba wao na subira yao hawakuwahi kuwapo. Asiyelielewa hilo hataelewa kwa nini baadhi yao walisamehe na wengine hawakusamehe hadi leo, wala kwa nini mashabiki wa tamthilia mpya nao, zamu yao ilipofika, walilia kilio kilekile.

Turudi 1978. Galactica ya kwanza, iliyobuniwa na Glen A. Larson, ilianza kwenye kituo cha ABC Jumapili ya tarehe 17 Septemba kwa filamu ya saa tatu. Usiku huo matangazo yalikatizwa ili Rais Jimmy Carter, Anwar Sadat na Menachem Begin waonyeshwe wakitia saini makubaliano ya Camp David, na kizazi kizima cha watoto wa Marekani kinaikumbuka amani ya Mashariki ya Kati kama kitu kilichowakatia vita vya anga. Star Wars ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla, na ufanano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni ya 20th Century Fox iliishtaki Universal mahakamani. John Dykstra, aliyesimamia picha za vita vya anga katika Star Wars, ndiye aliyetengeneza pia za Galactica. Kila sehemu iligharimu takriban dola milioni moja, fedha nyingi mno kwa televisheni ya wakati ule.

Hadithi yenyewe ilikuwa nzito. Sayari kumi na mbili za wanadamu zinateketezwa kwa siku moja na majeshi ya Cylon, roboti wenye jicho jekundu linalokwenda kushoto na kulia bila kupumzika. Meli moja kubwa ya kivita, Galactica, inaponea chupuchupu na kuongoza msafara wa meli mbovumbovu zilizojaa wakimbizi, kuitafuta sayari ya kumi na tatu inayoitwa Dunia. Lorne Greene alikuwa Adama, kamanda na baba. Richard Hatch alikuwa Apollo, mwanawe mnyoofu. Dirk Benedict alikuwa Starbuck, rubani mcheza kamari, mvuta sigara nene, mpenda wanawake, ambaye kila mtoto wa kiume alitamani kuwa yeye.

Ilidumu msimu mmoja. Gharama zilikuwa juu, watazamaji walipungua, na mwezi Aprili 1979 ABC waliifunga kabla meli haijaiona Dunia. Mwaka uliofuata uliletwa mwendelezo wa bei nafuu, Galactica 1980, wenye sehemu kumi tu na bila Apollo. Hadi leo mashabiki wengi huuzungumzia kwa aibu, kama hawakuukana kabisa. Hivyo walichobaki nacho ni msafara ulioachwa njiani. Hadithi iliyokamilika mtu huifunga akaiweka kabatini. Hii haikufungika. Mtoto wa miaka kumi aliyeitazama 1978 aliendelea kuimalizia mwenyewe kichwani, mwaka baada ya mwaka, na ile aliyoijenga kichwani ndiyo aliyokuja kuitetea alipofika miaka thelathini na mitano.

Kuna pia sababu ya pili iliyowafanya waamini kwamba wana haki ya kudai. Mashabiki wa bunilizi za kisayansi nchini Marekani walikuwa wamefundishwa na Star Trek kwamba barua zao zina nguvu. Mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua iliyosaidia kuifanya NBC iupe Star Trek msimu wa tatu. Mwaka 1976 barua nyingine nyingi zilimfikia Rais Gerald Ford, na chombo cha kwanza cha majaribio cha mpango wa shuttle wa NASA kikaitwa Enterprise, jina la meli ya kwenye televisheni. Watu walioweza kuibatiza shuttle ya serikali hawawezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba wanaweza pia kuufufua msafara wa Adama.

Na miongoni mwao alikuwemo Apollo mwenyewe. Greene alifariki mwaka 1987. Richard Hatch ndiye aliyeibeba bendera. Kuanzia 1997 alikuwa mwandishi mwenza wa riwaya za kuiendeleza hadithi, kisha akatumia fedha zake kutengeneza trela ya mwendelezo aliouota, akiwashirikisha waigizaji wenzake wa zamani, na mwaka 1999 akawa anaizungusha kwenye makongamano. Mashabiki waliitazama wakisimama. Walimwona mtu aliyezeeka pamoja nao na hakuacha kusubiri. Mwaka 2001 matumaini yakaongezeka: Bryan Singer na Tom DeSanto waliandaa mwendelezo halisi, wenye nafasi za waigizaji wa zamani, na kazi ya kujenga seti ilianza. Mashambulizi ya Septemba 11 yakavuruga ratiba, Singer akaitwa kwenye filamu ya pili ya X-Men, na mradi ukafa.

Hapo ndipo mtayarishaji David Eick na Ronald D. Moore walipokabidhiwa kazi. Kwa hiyo, mashabiki waliposikia mwaka 2002 kwamba Galactica inarudi, wengi walisikia habari mbili kwa pamoja: inarudi, na mwendelezo wetu hautakuwapo kamwe. Ile hasira ya 2003 ilikuwa na matanga ndani yake. Nimeona wachambuzi wakiipuuza sehemu hii na kuyachukua malalamiko yote kama chuki tupu, na sidhani kwamba wanatenda haki.

Hata hivyo chuki ilikuwapo, na ilikuwa na jina: Starbuck. Moore alimfanya Starbuck kuwa mwanamke, Kara Thrace, aliyeigizwa na Katee Sackhoff. Alivuta sigara nene kama yule wa kwanza, alicheza karata, alikunywa kupita kiasi, na alimpiga ngumi mkubwa wake wa kazi. Dirk Benedict aliandika makala ndefu yenye uchungu akidai kwamba zama mpya zimemhasi shujaa wa kiume na kumwogopa mwanaume anayecheka, anayependa wanawake na asiyejutia kuwa mwanaume. Makala hiyo ilisambazwa sana na ikawa ilani ya waliokasirika. Sackhoff, ambaye alikuwa hajafikisha miaka 25, amesimulia hadharani jinsi alivyopokelewa kwa kuzomewa na watu ambao hawakuwa wamemwona akiigiza hata tukio moja.

Nimeisoma hoja ya Benedict kwa makini kwa sababu inastahili kujibiwa. Anachokiomboleza ni kweli kilipotea: ule wepesi wa moyo, mtu anayeweza kutabasamu msafarani huku mauti yakimfuata nyuma. Kara Thrace hana wepesi huo. Amejeruhiwa na mama aliyempiga utotoni, na kila mzaha wake una maumivu chini yake. Lakini kosa la Benedict ni kudhani kwamba wepesi ule uliondolewa kwa sababu nafasi alipewa mwanamke. Uliondolewa kwa kila mtu. Adama mpya hacheki, Apollo mpya hacheki, na Saul Tigh, msaidizi wa Adama, analewa kuanzia asubuhi. Moore alikuwa ameamua kuchukua kwa uzito jambo ambalo tamthilia ya kwanza ililitaja na kulikimbia: mabilioni ya watu wamekufa kwa siku moja.

Katika filamu ile ya ufunguzi ya 1978, baada ya sayari kumi na mbili kuteketea, hadithi haichukui muda mrefu kabla ya kutufikisha Carillon, sayari yenye kasino, ambako manusura wanacheza kamari, wanakula na kusikiliza muziki. ABC walitaka burudani ya familia ya Jumapili jioni, na familia haiwezi kukaa na maombolezo wiki baada ya wiki. Moore aliitazama tena filamu hiyo miezi michache baada ya minara ya New York kuanguka, akaona kwamba asingeweza kwenda kasino. Tamthilia yake ilimweka Rais Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu na wa 43 katika mstari wa urithi wa madaraka, mbele ya ubao mweupe wenye idadi ya watu waliobaki hai, takriban 50,000, idadi ambayo yeye huifuta na kuiandika upya kila vifo vinapotokea. Kwa maoni yangu ubao ule ndio uliohalalisha kazi nzima. Hakuna shabiki wa zamani aliyeuomba, na ulikuwa umelala ndani ya hadithi ya Larson tangu mwanzo ukimsubiri mtu wa kuuona.

Lakini ilikuwapo hasara nyingine, na hii ilipata sauti ndogo mno katika ule ugomvi. Galactica ya 1978 ilikuwa na wanaume wawili Weusi katika nafasi za heshima: Terry Carter alikuwa Kanali Tigh, msaidizi wa kwanza wa Adama, na Herbert Jefferson Jr. alikuwa Boomer, rubani wa kikosi cha Apollo. Kwa televisheni ya Marekani ya miaka ile hilo lilikuwa jambo la kuonewa fahari. Katika toleo jipya Tigh ni Michael Hogan, mzungu wa Kanada, na Boomer ni Grace Park, mwenye asili ya Korea. Wote wawili waliigiza kwa ustadi mkubwa, na Park hasa alipewa moja ya nafasi ngumu kuliko zote. Olmos naye, mwenye asili ya Meksiko, aliketi katika kiti cha kamanda. Hesabu ya jumla ya nyuso si mbaya. Ila viti viwili vilivyokuwa vya waigizaji Weusi viliondoka na havikurudi. Kandyse McClure, mzaliwa wa Durban, alicheza Dualla, ofisa wa mawasiliano, na mhusika huyo aliishia kujiua katika msimu wa mwisho. Kasisi Elosha wa Lorena Gale aliuawa mapema. Rick Worthy alikuwa mmoja wa Cylon wenye sura ya binadamu, na ndiye aliyepewa maneno machache kuliko wengi wao.

Jinsia ya mhusika mmoja ilizua makala, mizomeo na ilani. Rangi ya wahusika wawili ilipita karibu kimya. Mashabiki wanapolinda kumbukumbu wanalinda zaidi ile sehemu waliyojiona ndani yake, na waliokuwa na sauti kubwa zaidi katika vita vile walikuwa wamejiona ndani ya Starbuck.

Je, waligeukaje? Kugeuka kwao kulikuwa kwa polepole, na kulianza na mtu mmoja. Moore alimwendea Richard Hatch na kumpa nafasi ya Tom Zarek, mfungwa wa kisiasa ambaye wengine wanamwita gaidi na wengine mkombozi. Hatch alitokea mara ya kwanza katika sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza, iliyohusu uasi kwenye meli ya wafungwa, na akaendelea hadi 2009, ambapo Zarek aliongoza maasi dhidi ya Adama na Roslin, kisha yeye akauawa kwa kupigwa risasi. Hebu fikiria nafasi hiyo aliyopewa: Apollo wa zamani, mtu aliyepinga kuzaliwa kwa tamthilia hii, anaingia ndani yake kama mpinzani mkuu wa serikali yake, mwenye hoja zenye uzito. Moore hakumpa Hatch nafasi ya kupunga mkono kwa ajili ya kuwafurahisha wazee. Alimpa upinzani wake mwenyewe auigize. Hatch alikubali, na baadaye alisema hadharani kwamba aliiheshimu kazi ile. Alifariki Februari 2017, na waliomwomboleza walitoka pande zote mbili.

Jambo la pili lilikuwa jepesi lakini jipya kwa wakati wake. Kuanzia 2005 Moore alirekodi maelezo ya kila sehemu na kuyatoa bure kama podikasti. Aliketi nyumbani kwake na sigara na glasi ya wiski na kueleza kwa nini tukio hili lilikatwa, kwa nini lile halikufanikiwa, wapi bajeti iliisha. Mara kwa mara alikiri kwamba sehemu fulani ni mbovu. Watazamaji waliokuwa wamezoea watayarishaji wanaojificha nyuma ya msemaji wa kampuni walijikuta wakizungumza na mtu. Alikuwa na uzoefu wa hasira zao: ni yeye na Brannon Braga walioandika Star Trek Generations ya 1994, filamu ambamo Kapteni Kirk anakufa, na lawama za kifo kile hazijaisha mpaka leo.

Na kulikuwa na kazi yenyewe. Sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, ambamo Cylon wanaufikia msafara kila baada ya dakika 33 na hakuna anayeweza kulala, ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 2005, na wanaopiga kura za Hugo ni mashabiki wenyewe walio wanachama wa kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi. Msimu wa tatu, ulioanza Oktoba 2006 wakati majeshi ya Marekani yakiwa yamezama Iraq, ulionyesha wanadamu wakiishi chini ya ukaliaji wa Cylon na Kanali Tigh akiwatuma vijana kujilipua, hata kwenye sherehe ya kuhitimu ya polisi. Mtazamaji wa Marekani alijikuta upande wa wanaojilipua. Tarehe 17 Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika Moore, Eick, Olmos na Mary McDonnell, aliyemwigiza Roslin, makao makuu New York kwa mjadala kuhusu haki za binadamu, watoto vitani na ugaidi, Whoopi Goldberg akiuongoza. Kipindi kilichoitwa Galactica kwa jina tu kilikuwa kimefika mbali kuliko jina lilikotoka.

Hapa inafaa kutazama majirani zake, maana Galactica haikuwa ya kwanza kupita njia hii. Star Trek: The Next Generation ilipoanza 1987 bila Kirk na bila Spock, mashabiki wengi wa Star Trek waliapa kutoitazama. Misimu miwili ya kwanza iliwapa sababu. Wengi waligeuka baada ya Juni 1990, pale msimu wa tatu ulipoishia na Kapteni Picard akiwa mikononi mwa maadui waitwao Borg. Ila tamthilia ile haikufuta chochote: Kirk alibaki alipokuwa, karne moja nyuma. J. J. Abrams alipowaweka vijana wapya katika nafasi za Kirk na Spock mwaka 2009, alimweka Leonard Nimoy ndani ya filamu kama Spock mzee aliyetoka katika wakati mwingine, ili mtazamaji ajue kwamba ulimwengu wake wa zamani bado upo. Doctor Who, iliyosimama 1989 na kurudi 2005 chini ya Russell T Davies, ilirudi kama mwendelezo wa hadithi ileile ya tangu 1963. Sheria ya tamthilia hiyo inamruhusu mhusika mkuu kubadilika mwili tangu 1966, na bado Jodie Whittaker alipotangazwa mwaka 2017 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza tamthilia hiyo kama Daktari, wapo waliosema sheria imevunjwa.

Ukiziweka kazi hizi pamoja unaona kwamba watengenezaji wamejifunza kumwachia shabiki mlango: hadithi yako haijafutwa, iko upande wa pili. Moore hakuacha mlango huo. Larson alitambuliwa kwenye orodha ya majina, wimbo wa zamani ulisikika mara moja moja, Cylon wa zamani walionekana ndani ya jumba la makumbusho la Galactica, lakini safari ya 1978 ilihesabiwa kuwa haikutokea. Ni ukatili, na nadhani ulikuwa ukatili wa lazima. Mwendelezo ungembana kwenye kasino na helmeti na mzaha wa Starbuck. Tamthilia iliyokuja kuheshimiwa isingezaliwa. Anayekubaliana nami kwenye hilo anapaswa pia kukubali kwamba kuna watu waliolipa gharama yake, na kwamba kuumia kwao hakukuwa ujinga.

Kisha ukafika usiku wa tarehe 20 Machi 2009. Katika sehemu ya mwisho msafara unaifikia Dunia, hii yetu, miaka 150,000 iliyopita. Wanazituma meli zao kwenye jua na kutawanyika nyikani. Kara Thrace, aliyekuwa amekufa na kurudi bila maelezo, anatoweka katikati ya mazungumzo. Viumbe wawili wenye sura za mwanasayansi Baltar na Namba Sita, Cylon mwenye umbo la mwanamke, waliokuwa wakiwatokea wahusika kwa misimu minne, wanabainika kuwa malaika au kitu cha namna hiyo. Sehemu kubwa ya mashabiki iliripuka. Waliofuatilia mafumbo kwa miaka mitano walihisi wamejibiwa kwamba ni Mungu tu. Mwandishi wa riwaya George R. R. Martin alikuwa mmoja wa walionung'unika hadharani.

Kitu cha kushangaza ni kwamba mwisho huo ulikuwa wa Larson kuliko jambo lolote jingine ambalo Moore aliandika. Larson alikuwa Mmormoni na dini yake ilikuwa imetapakaa katika tamthilia ya kwanza: sayari ya asili iitwayo Kobol, baraza la kumi na wawili, viumbe wa nuru wanaomrudisha Apollo kutoka kwa wafu. Mashabiki wa 1978 wangeweza kusimama usiku ule na kusema, mmeona, ni hadithi yetu. Mashabiki wa 2003, waliokuwa wakiwacheka wazee kwa kung'ang'ania walichoahidiwa, ndio waliokuwa sasa wakidai walichoahidiwa. Mwaka 2019 lilipotolewa tangazo kwamba Sam Esmail ataandaa Galactica nyingine kwa ajili ya huduma ya mtandaoni ya Peacock, zilisikika sauti zikisema ya Moore iachwe kama ilivyo, haihitaji kuguswa. Watu wa 1978 wangeyatambua maneno hayo.

Nina dai langu juu ya mwisho ule, na halihusu malaika. Katika dakika za mwisho hadithi inaruka hadi New York ya leo, na tunaambiwa kwamba wanasayansi wameyapata mabaki ya msichana anayedhaniwa kuwa Hawa wa mitokondria, mama ambaye ukoo wa upande wa mama wa kila binadamu aliye hai unarudi kwake, na kwamba aliishi katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Msichana huyo ni Hera, mtoto wa baba mwanadamu na mama Cylon, aliyeshuka kutoka angani. Nyika tunazoziona zilipigwa picha British Columbia, Kanada, na wanyama wakaongezwa kwa kompyuta. Wenyeji wanaonekana kwa mbali kupitia darubini, wakiwinda. Wageni wanajadiliana kuhusu watu hao: je, wana lugha hata? Lee Adama, yule Apollo mpya, anasema watapewa kilicho bora kutoka kwa wageni, bila meli na silaha. Hakuna mwenyeji anayesemeshwa. Hakuna anayepewa jina.

Mstari huu unatoka mbali. Utangulizi wa 1978 ulidai kwamba huenda watu wa angani ndio mababu wa Wamisri, Watolteki na Wamaya, helmeti za marubani ziliigiza vilemba vya mafarao, na kwa ajili ya Kobol zilitumika picha za mapiramidi ya Giza. Ilikuwa fasheni ya miaka ile, iliyouzwa sana na vitabu vya Erich von Däniken, kuamini kwamba Waafrika na Wamarekani wa asili walihitaji msaada wa angani ili kujenga walichojenga. Moore alibadilisha karibu kila kitu cha Larson, jinsia, dini ya maadui, asili ya Cylon, sauti na mwanga. Hili hakulibadilisha. Alilihamisha kutoka Misri hadi Tanzania.

Na Tanzania haikosi ushahidi wa kuijibu hadithi hiyo. Mwaka huohuo wa 1978 ambao Starbuck wa kwanza alipanda ndege yake, timu ya Mary Leakey ilikuwa Laetoli ikizifukua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Palepale Laetoli, kwenye tabaka za Ngaloba, lilikuwa limepatikana fuvu la binadamu linalokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100,000, mtu wa zama zilezile ambazo Moore anazijaza wageni. Hawa wa mitokondria, aliyeelezwa na Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson katika jarida la Nature mwaka 1987, hana mifupa inayoweza kutambulika; ni hitimisho la hesabu za vinasaba, na aliishi katikati ya wanawake wengine wengi ambao nao ni bibi zetu. Wazazi wake walikuwa watu wa bara hili, na bibi zake, na wa nyuma yao mpaka kwenye nyayo za Laetoli.

Shabiki yeyote wa Afrika Mashariki anayeipenda tamthilia hii, nami naipenda, anapaswa kulisema hili bila kuona haya kwamba anaharibu sherehe ya watu. Tumekwisha kuona kwamba tamthilia husikiliza sauti zinazodai. Zilidai Starbuck, zikajibiwa kwa mhusika aliyejengwa vizuri kiasi cha kuwanyamazisha wengi. Zilidai Apollo, akarudi kama Zarek. Nafasi za Tigh na Boomer hazikudaiwa kwa nguvu, hazikurudi. Wawindaji wa nyikani hawakudaiwa na mtu, na wakabaki bubu.

Peacock walijiondoa kwenye mradi wa Esmail mwaka 2024. Lakini msafara wa Adama umeshauzwa mara mbili na utauzwa tena, maana jina lake bado lina soko. Mwandishi atakayefuata atakuta mezani barua za pande mbili, za waliomtaka Benedict na za wanaomtaka Sackhoff. Iwepo na ya tatu, kutoka huku: meli ikitua, wenyeji wawe wa kwanza kusema.